Kibali Mkononi, Panchang Ukutani: Waliopanga Siku ya Kuondoka, 1968–1972

Katika kitabu hiki cha kumbukumbu, wenzangu wa kamati wameandika habari za msingi wa hekalu letu, nguzo zake na wafadhili wake. Mimi nimeombwa niandike juu ya walioondoka. Majina yao tunayasoma kila tuingiapo ukumbini, yamechongwa kwenye vibao vya marumaru pamoja na fedha walizochanga, hali wenyewe au watoto wao wako Leicester, Wembley na Toronto. Vijana huuliza kwa nini waliondoka, na swali hilo limekwisha kujibiwa mara nyingi, tena kwa majibu yanayopingana. Swali jingine nimelisikia mara chache: mtu aliyekwisha kuidhinishwa kwenda kukaa ng'ambo moja kwa moja, karatasi ameishika mkononi, aliichaguaje siku ya kufunga mlango?

Babu zetu wa mwanzo hawakuwa na hiari hiyo. Kotia kutoka Mandvi na Porbandar zilikuja Mombasa na kaskazi, baina ya Desemba na Machi, zikarejea na kusi. Aliyekosa upepo alingoja msimu mwingine, awe amefunga mizigo au hajafunga. Meli za moshi ndizo zilizowapa wasafiri wetu nafasi ya kuchagua. Zilipokuwapo Karanja na Kampala baina ya Bombay na bandari zetu, mtu aliweza kuuliza meli ijayo ni lini, kisha akamwendea Maharaj wa hekalu kumwuliza kama siku ile ni njema.

Kwa ajili ya majirani zetu wasio Wahindu, nieleze kidogo. Panchang ni kalenda inayohesabu siku za mwezi mwandamo, nyota anazopitia mwezi na mengine ya mbinguni. Mchana hugawanywa mafungu manane yaitwayo choghadiya, na usiku vilevile. Yako mafungu ya heri, kama Amrit, Shubh na Labh, na yako ya kuepukwa, kama Kal na Rog. Fungu la Chal hupendwa na wasafiri. Ziko pia nyakati ambazo jambo jipya halianzwi kabisa: nusu mwezi ya Shradh, tunapowakumbuka waliotutangulia, na kamurta, ambayo kwa Wagujarati huanza katikati ya Desemba na kwisha Makara Sankranti, tarehe 14 Januari. Hata pande za dunia zina siku zake; Jumanne na Jumatano, kwa mfano, mtu hashiki njia ya kaskazini. Majirani zetu wa Mji wa Kale hawakuyaona haya kuwa mageni. Wao nao walikuwa na falaki, na walimu wa kutazamia nyota, na Jumatano ya mwisho ya Mfunguo Tano iliyowafanya wengi wasisafiri. Nimesikia wazee wa pande mbili wakibishana barazani juu ya siku gani ni nuhusi, kila mmoja na kitabu chake.

Lipo jambo moja zaidi ambalo lazima niliweke hapa, kwa kuwa nitalirudia. Ikiwa saa njema imefika na msafiri hajawa tayari, safari huanzishwa bila yeye. Hufungwa kitambaa chenye mchele kidogo, popoo, kipande cha manjano na sarafu. Kifundo hicho hutolewa nyumbani katika saa ile ile iliyochaguliwa, kikawekwa kwa jirani aliye upande wa safari. Tunaita pastanu. Kuanzia hapo mtu huhesabiwa amekwisha kutoka, na atakapoondoka kweli, hata kama siku hiyo si nzuri, hukipitia kifundo chake na kwenda zake. Sharti lake ni moja: kifundo hakirudi ndani ya nyumba kilikotoka. Kikirudi, safari imevunjika.

Sasa tuje kwenye karatasi. Kenya ilipopata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, wakaazi wa asili ya Asia ambao hawakuwa raia kwa kuzaliwa walipewa miaka miwili kuomba uraia. Wengi hawakuomba. Walibaki na pasipoti za Uingereza walizokuwa nazo tangu ukoloni, wakiamini kwamba pasipoti ni mlango ambao hauna komeo. Sitaki kuwahukumu. Wengine walisita kwa hofu, wengine kwa majivuno, na wapo waliosita kwa sababu ndugu wanne wa nyumba moja waliona busara kila mmoja ashike karatasi tofauti. Mwaka 1967 Bunge la Kenya likapitisha sheria za uhamiaji na za leseni za biashara. Asiye raia akahitaji kibali cha kazi. Mwenye duka asiye raia akawekewa mipaka ya mahali pa kuuzia na bidhaa za kuuza. Hapo ndipo watu walipokumbuka ule mlango.

Tarehe 22 Februari 1968, Waziri wa Mambo ya Ndani wa Uingereza, James Callaghan, alitangaza mswada wa kuwazuia wenye pasipoti za Uingereza wasio na mzazi wala babu aliyezaliwa huko. Tarehe 1 Machi ulikuwa sheria. Ni siku 8. Katika siku hizo uwanja wa ndege wa Embakasi ulijaa watu wenye masanduku. Walionunua tiketi za njia ndefu za kuzungukia miji mingine hawakujali, mradi wafike London kabla ya sheria. Waliotoka Mombasa walipanda treni ya usiku hadi Nairobi, na wengine hawakupata hata muda wa kuaga. Mahashivaratri ya mwaka ule iliangukia katikati ya siku hizo. Usiku ambao kwa desturi tunakesha hekaluni, wako waliokesha wakifunga mizigo. Choghadiya gani, siku gani ya kaskazini, hakuna aliyeuliza. Mithali zetu za Pwani ziko pande zote mbili: haraka haraka haina baraka, na chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Wiki ile ilitumika hii ya pili peke yake.

Waliobaki wakaingia katika utaratibu wa vocha. Uingereza iliweka vocha maalumu 1,500 kwa mwaka kwa wakuu wa familia, na idadi hiyo ilipaswa kuwatosha wenye pasipoti hizo wa Kenya, Uganda, Tanzania na kwingineko. Mwaka 1971 ziliongezwa kuwa 3,000, na mwaka 1975 zikafika 5,000. Mkuu wa familia ndiye aliyeomba. Mwanamke aliyeolewa hakuhesabiwa kuwa mkuu hata kama pasipoti ya Uingereza ilikuwa yake na mumewe hana. Mke mmoja alilifikisha jambo hilo hadi mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, na mwaka 1983 akashindwa. Utaratibu wenyewe uliendelea hadi Machi 2002, wakati waombaji walikuwa wamebaki wachache.

Foleni ilikuwa ndefu. Aliyeomba hakujua kama jibu litakuja baada ya miezi au miaka, na likija, idhini ilikuwa na muda wake wa kutumika. Nataka msomaji auone ugumu huu vizuri, kwa kuwa ndio kiini cha habari hii. Kabla ya idhini, familia haikuweza kupanga lolote. Baada ya idhini, ilibidi ipange kila kitu kwa mara moja, na kalenda zilizokuwa ukutani hazikupatana.

Ilikuwapo kalenda ya shule. Mwaka wa masomo wa Kenya ulianza Januari, na mitihani ya Cambridge ilifanywa mwishoni mwa mwaka. Baba gani angemtoa mtoto wa Kidato cha Nne mwezi wa Julai, amfikishe London bila cheti? Tena shule za Uingereza huanza Septemba, hivyo mtoto aliyemaliza Desemba alijikuta katikati ya mwaka wa wengine.

Ilikuwapo kalenda ya duka. Mfanyabiashara wetu hufunga daftari zake Diwali na kufungua mpya kwa pooja ya chopda. Kabla ya kufunga, hukusanya madeni. Lakini mtaa ukijua kwamba mwenye duka anahama, mdaiwa hupunguza mwendo na mnunuzi wa bidhaa huanza kutaja bei ya chini. Kwa hiyo familia nyingi zilificha vocha kama zinavyofichwa habari za mimba changa. Wazee wananisimulia kwamba mtu alijulikana ana vocha pale tu alipoacha kuagiza mali mpya. Na fedha iliyopatikana haikuweza kuhamishwa yote, kwani sheria za fedha za kigeni ziliweka kikomo kwa mwenye kuhama. Aliyeuza mapema na aliyeuza kwa kuchelewa wote waliacha sehemu nyuma.

Panchang ndiyo ya mwisho, na hapa pana jambo ambalo hunifanya nicheke na kusikitika kwa pamoja. Ukiziweka kalenda hizo pamoja, utaona kwamba mwenye duka aliyekuwa na mtoto wa mtihani alitaka kuondoka baada ya Diwali na baada ya karatasi ya mwisho ya mtihani, yaani mwanzoni mwa Desemba. Kamurta inaingia katikati ya mwezi huo huo. Zilibaki siku chache tu, kumi au pungufu, zenye heri na zenye kufaa, na ndege za siku hizo zilitakiwa na kila mtu. Waliozikosa walingoja Sankranti ipite, wakashuka London katikati ya Januari wakiwa na sandali na shali moja. Bibi mmoja wa jamii yetu, aliyerudi kututembelea baada ya miaka mingi, aliniambia kwamba Maharaj alimtafutia saa njema ya kutoka Mombasa, ila hakuna aliyemtafutia saa njema ya kufika.

Wako pia walioondoka bila vocha. Hao hawakungoja foleni, au hawakuweza kungoja kwa kuwa vibali vyao vya kazi vilikuwa vimekwisha. Walifika London wakazuiwa, wakarudishwa, wakakataliwa walikotoka, wakarushwa tena kutoka uwanja mmoja hadi mwingine; baadhi walifungwa jela wakisubiri uamuzi. Malalamiko ya watu 31 wa asili ya Asia kutoka Afrika Mashariki yalifika mbele ya Tume ya Haki za Binadamu ya Ulaya, nayo mwaka 1973 ikaona kwamba kuwabagua kwa misingi ya rangi, katika hali ile, kulikuwa ni kuwatweza utu. Ripoti hiyo haikutangazwa hadharani mpaka miaka mingi ikapita.

Kisha ikaja Uganda. Tarehe 4 Agosti 1972, Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke, na muda ukawa siku 90, mwisho wake tarehe 8 Novemba. Kwa mara ya kwanza katika historia yetu, siku ya kuondoka ilichaguliwa na mtu mwingine kabisa. Uingereza iliwapokea watu wapatao 28,000, ikawaweka kwanza katika kambi za zamani za kijeshi kama Stradishall na Greenham Common. Baraza la mji wa Leicester lilichapisha tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasije mjini kwao. Msomaji anajua walikwenda wapi. Canada ilifungua ofisi Kampala mapema Septemba. Huko mtu alihojiwa, akapimwa afya, na akikubaliwa kuwa mkaazi wa kudumu alipewa karatasi pamoja na tarehe ya ndege, pengine baada ya siku chache tu. Canada ilichukua watu wapatao 6,000. Kila familia ya Uganda iliruhusiwa kutoka na pauni zipatazo 50, na vizuizi vya askari njiani vilipunguza hata hizo.

Nimekaa nikailinganisha panchang ya mwaka ule na ratiba ya ndege. Ndege ya kwanza ya wahamiaji hao kwenda Uingereza ilitua Stansted tarehe 18 Septemba, na ya kwanza kwenda Canada ilifika Montreal tarehe 28 Septemba. Hii ya pili iliruka ndani ya Shradh, wakati ambao babu zetu wasingekubali hata kununua sufuria mpya. Navaratri ilikuja Oktoba na kupita. Vijayadashami, ambayo ni siku njema ya kuanza safari pasipo kuuliza mtu, iliangukia katikati ya mwezi, na nadhani ni familia chache zilizopata bahati ya tiketi ya siku hiyo. Diwali ilifika siku chache tu kabla ya tarehe ya mwisho. Daftari hazikuwa na wa kuzifungua.

Baadhi yao walishushwa kwa treni hadi bandari yetu ya Kilindini, wapande meli za Bombay. Nilikuwa mtoto. Nakumbuka baba alitoka nyumbani na kikapu cha thepla alichofungiwa na mama, akarudi jioni na kikapu kitupu, akaketi barazani bila kuvua viatu. Mama alimwuliza amewaona jamaa wa Jinja au hakuwaona. Akasema amewaona watu wengi.

Nieleze hali ya nyumba yetu wakati huo. Baba aliomba vocha mwaka 1969. Jibu lilikuja Agosti 1971, baada ya idadi kuongezwa. Tulikuwa saba, pamoja na nyanya yetu mzaa baba, ambaye sisi na majirani wote tulimwita Ba. Kaka yangu alikuwa na mtihani mwezi wa Novemba. Baba alitaka kufunga daftari Diwali. Maharaj alifungua panchang, akahesabu, akatoa siku moja ya mwanzo wa Desemba, saa ya Chal, kabla ya kamurta. Yaani tulibahatika kuangukia zile siku chache nilizozitaja. Tiketi zilitafutwa.

Wiki mbili kabla ya siku hiyo Ba aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Daktari alisema hawezi kusafirishwa. Baba hakutaka saa ile ipotee, kwani kwa hesabu ya Maharaj nyingine kama hiyo ilikuwa mbali. Basi asubuhi ile mama alifunga pastanu katika leso nyeupe, na baba akaitoa mlangoni akaipeleka nyumba ya tatu, upande wa kaskazini, kwa jirani yetu wa Kiswahili tuliyekuwa tukimwita Bibi. Alimweleza sharti lake. Bibi akakipokea kifundo kwa mikono miwili, akakiweka juu ya kabati la vyombo, akamwambia: "Safari yenu iko kwangu, mwanangu. Mkiwa tayari njooni muichukue."

Ba hakuinuka tena. Alifariki Februari 1972. Kwetu, nyumba iliyofiwa hungoja mwaka utimie ndipo ifanye jambo la heri. Iko njia ya kuitanguliza kumbukumbu ya mwaka, na wengi huitumia panapokuwa na harusi, na jamaa walimshauri baba aitumie kwa sababu muda wa vocha ulikuwa ukiyoyoma. Alikataa. Alisema mama yake hakumharakisha kuzaliwa. Muda ukapita, Agosti ikaleta habari za Uganda, mwaka ukatimia, na hakuomba tena. Kwa nini, hakutuambia. Wako waliosema aliogopa, wengine wakasema alikuwa na akili kuliko walioondoka. Mimi niliyekaa naye miaka yote hiyo sidhani kama kulikuwa na hoja. Alifungua duka asubuhi kama kawaida. Baadaye tukawa raia, na mwaka 2017 serikali ilipotutambua kuwa kabila la 44 la Kenya, hakuwapo kuiona siku hiyo.

Bibi alikuwa na desturi kila Idi, anapotuletea sinia ya vitu vitamu, ya kumwuliza baba kwa sauti ya kawaida kabisa: "Mzigo wenu nausafirisha lini?" Naye alimjibu, "Bado, Bibi, bado." Waliendelea hivyo miaka kumi na zaidi, hadi Bibi alipofariki.

Mwaka huu binti wa kaka yangu amepata idhini ya ukaazi wa kudumu Canada. Karatasi yake ina tarehe ya mwisho ya kuingia, inayofuata tarehe aliyopimwa afya, na ana tasnifu ya kumaliza na nyumba ya kupangisha. Choghadiya anaitazama katika simu. Alinijia kuuliza ile habari ya kifundo, nami nikaona haya kumsimulia jambo ambalo sikulihakikisha, nikaenda nyumba ya tatu.

Binti wa Bibi, ambaye sasa ni mtu mzima kama mimi, hakuhitaji kuelezwa. Alipanda stuli akakishusha kutoka juu ya kabati lile lile. Leso imekuwa ya rangi ya chai. Mchele ulikwisha kuliwa na wadudu, umebaki unga, popoo limekuwa gumu kama jiwe, manjano imesinyaa, sarafu ni shilingi moja yenye picha ya Mzee Kenyatta. Aliniuliza kama nimekuja kukichukua. Nikamwambia sikuja kukichukua, nimekuja kukitazama tu. Akakifunga upya kwa fundo lile lile, akakirudisha juu.